Mchuzi wa chokoleti, sosi ya pasheni, au shira?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Napika wafo (waffle, zile keki bapa zenye vishimo) nyumbani, Pasua hapa Moshi, na kuziuza kwa oda. Kwenye tangazo langu niliandika: "Wafo iliyomwagwa mchuzi wa pasheni, chokoleti au karameli, na topingi za kuchagua." Wateja wamenitania sana, mmoja akauliza kama na wali upo. Neno sahihi ni lipi: mchuzi, sosi, shira au rojo? Na topingi tuziiteje kwa Kiswahili?

JIBU: Marahaba, binti. Huyo wa wali ni mchokozi, lakini sikio lake liko sawasawa. Mchuzi una chumvi na kitunguu, na mara nyingi kuna kitu kinaelea ndani: nyama, samaki, bamia. Ukisema mchuzi, umeshamwandaa mtu kwa wali, ugali au ndizi. Hata ukiuita mtamu haisaidii, kwa sababu "mchuzi mtamu" ni mchuzi uliokolea viungo, na hakuna atakayedhani umetiwa sukari. Kwa hiyo mchuzi wa chokoleti hauna kosa la sarufi, ila unamwekea mlaji sufuria nyingine kabisa kichwani.

Sosi ni neno halali, limeshazoeleka, na "sosi ya chokoleti" itaeleweka Moshi na Arusha bila shida. Mimi nina kinyongo nalo kidogo tu. Kwa wauza chipsi wetu sosi ni ile nyekundu ya chupa, ambayo wengi huiita "tomato" tu, au ni ya pilipili. Ukiandika "wafo na sosi" bila kutaja sosi ya nini, usishangae mtu akifikiria nyanya.

Neno ambalo naona umelipita haraka ni shira, na hapo ndipo penye utamu wenyewe. Shira ni sukari iliyochemshwa na maji mpaka ikawa nzito. Neno limetujia kutoka Kiajemi, na waliokula kaimati hawahitaji kuelezwa zaidi. Chukua vikombe viwili vya sukari na kimoja cha maji, tia punje za iliki, acha ichemke. Ichote kwa kijiko uiinue: ikidondoka kama maji, bado, ikishuka kwa uzi mwembamba usiokatika upesi, hiyo ndiyo shira. Ikizidi hapo, ikipoa huganda na kuwa nyeupe, jambo ambalo kwenye visheti ndilo tunalotaka, ila kwenye wafo litakukera. Ndiyo maana wapishi hukamulia limao kidogo: asidi yake huizuia sukari isirudi kuwa chengachenga.

Sasa tazama pasheni yako. Kama unachuja mbegu, unachemsha maji ya tunda na sukari mpaka yanavuta, umepika shira ya pasheni. Iandike hivyo hivyo. Kama unaacha tunda lote na kulipika mpaka liwe zito la kupakwa kwa kisu, hiyo ni jamu. Tangawizi, ukwaju, machungwa, hata kahawa ya mlimani kwenu, vyote vinakubali kuitwa shira ilimradi msingi wake ni sukari iliyochemshwa. Chokoleti ya kakao, maziwa na siagi haikubali. Hiyo iache kwenye sosi. Karameli nayo ni jina tosha. Sukari imeyeyushwa kavu hadi ikawa kahawia, kisha ikatiwa maziwa au krimu, na kuita "sosi ya karameli" ni kurefusha tangazo bure.

Usichanganye shira na sharubati, ingawa nimeona menyu zinazofanya hivyo. Sharubati inatokana na Kiarabu, kwenye mzizi wa kunywa, na kwetu imebaki kuwa kinywaji. Mteja akiagiza sharubati ya embe anategemea bilauri.

Kuna jingine hukuuliza, lakini litakufikia kwa sababu wafo na maple haviachani: ile shira ya Kanada na Marekani inayotokana na maji ya mti wa maple. Wengine huiita "asali ya maple", na wako wanaowasahihisha kwa ukali kwamba asali ni ya nyuki tu. Si kweli. Kiswahili cha zamani kina asali ya nyuki na kina asali ya miwa, yaani maji ya miwa yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito. Maple nayo hupikwa vivyo hivyo: maji ya mti, karibu lita 40, huchemshwa mpaka ibaki lita moja. Kwa mantiki hiyo "asali ya maple" ina ukoo mzuri. Hata hivyo, kwa tangazo lako ningeandika shira ya maple, maana siku hizi neno asali likisimama peke yake mtu anamwona nyuki, na ukiuza zote mbili utajikuta unaeleza kila oda. (Wafo zenyewe zina undugu na nyuki. Jina limetoka Kiholanzi, na asili yake ni neno lililomaanisha sega. Vile vishimo vinavyoshika shira isikimbilie sahanini vinaeleza sababu.)

Rojo halitaji ladha wala chakula, linataja hali: kitu kizito chenye kumiminika. Nyanya zikivurugika zinakuwa rojo, na kastadi ya vuguvugu ni rojo. Litumie kwenye maelezo ya upishi, "koroga mpaka liwe rojo", lakini kwenye bei halivutii mtu.

Ila kosa lililonifanya nicheke kwenye tangazo lako si mchuzi. Ni "iliyomwagwa". Wafo iliyomwagwa ni wafo iliyotupwa chini pamoja na sahani yake. Kinachomwagwa ni shira, wafo inamwagiwa. Tofauti inaletwa na ile i ya kutendea, nasi tunaitumia kila siku bila kuikosea mdomoni: uji umemwagwa, lakini mtoto kamwagiwa uji. Tunapoandika matangazo ndipo inapotuponyoka, sijui kwa nini, labda kwa haraka ya kufupisha. Vivyo hivyo karanga zinanyunyizwa, na wafo inanyunyiziwa karanga. Kupaka peke yake kuna msamaha, kwa kuwa kitenzi hicho hubeba vyote viwili bila kubadilika: siagi imepakwa kwenye mkate, mkate umepakwa siagi.

Vitenzi hivyohivyo vinajibu swali lako la topingi. Kiswahili hakina nomino moja ya kila kinachokaa juu ya chakula, nami sioni haja ya kuibuni. Tunavitaja kwa namna tunavyoviweka: vya kumwagia, vya kupaka, vya kunyunyizia. Gawa orodha yako hivyo na mteja ataelewa hata atakachokipata kikoje. Shira na karameli ni za kumwagia; jamu, siagi ya karanga na krimu ni za kupaka; nazi iliyokunwa, karanga zilizotwangwa na kakao ni za kunyunyizia. Ndizi mbivu zilizokaangwa kwa siagi hazinyunyizwi wala hazipakwi, hizo andika "na ndizi" tu. Vinavyolipiwa zaidi viite nyongeza.

Tangazo lako basi liwe hivi: "Wafo ya moto iliyomwagiwa shira ya pasheni, sosi ya chokoleti au karameli. Nyongeza: ndizi za kukaanga, karanga, nazi."

Kuhusu tahajia, wafo umeiandika vizuri, inavyotamkwa. Iache kwenye ngeli ya nguo na meza: wafo hii, wafo tatu, wafo zimeisha. Mawafo wanasema vijana, na wanaeleweka, lakini katika maandishi inakuza kitu kisichohitaji kukuzwa. Ukimaliza kuchapa, soma tena kabla ya kutuma. Simu yangu kila nikiandika neno hilo hunipendekezea "wafu", na sidhani kama utapata oda ya wafu sita waliomwagiwa shira.