Mwacheni mama atoke kitandani: maswali yenu kuhusu uchovu wa kemo

Kabla ya majibu, ombi lile lile la siku zote. Ukiuliza kuhusu uchovu wa kemo, yaani dawa kali za kutibu saratani, andika mambo matatu: jina la dawa uliyowekewa, tarehe ya dripu ya mwisho, na kiwango cha damu ulipopimwa mara ya mwisho. Swali la "niliwekewa dripu ya saratani, sasa nafanyaje?" halijibiki, na bado yanakuja mengi ya namna hiyo.

Shikamoo. Mama mkwe wangu amemaliza mizunguko sita ya kemo ya saratani ya titi, hii ni wiki ya nne. Analala tangu saa mbili usiku hadi asubuhi na anaamka hoi. Tumemzuia hata kuosha kikombe. Apumzike mpaka lini? (Tabata)

Marahaba. Aoshe kikombe, kuanzia leo. Uchovu wa kemo haufanani na wa mtu aliyetoka kulima, ambaye akilala anaamka mzima. Huja bila kazi yoyote, na usingizi hauumalizi. Mgonjwa akilazwa siku nzima misuli ya mapaja inanywea, moyo nao unazoea kazi ndogo, hata kwenda chooni kunamtoa jasho. Nanyi mkiona hivyo mnazidi kumlaza. Najua ni mapenzi, lakini yanamdhoofisha.

Kwanza apimwe damu, na daktari wake aulizwe kama saratani imegusa mifupa. Kama jibu ni hapana na damu inatosha, aanze kutembea dakika 5 asubuhi na 5 jioni, mahali tambarare, amevaa raba. Kasi inayofaa ni ile anayoweza kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi, lakini kuimba hawezi. Akishindwa kumaliza sentensi, apunguze mwendo. Kila baada ya siku 3 ongezeni dakika 2. Mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2019 unataja dakika 30, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 12. Huko ndiko mnakoelekea, na msifike kwa pupa.

Mara 2 kwa wiki aongeze nguvu za miguu. Chukueni kiti imara kisicho na magurudumu, mkiegemeze ukutani. Akae kwenye ukingo, nyayo zote chini, asimame akihesabu mbili, akae taratibu akihesabu tatu. Mara 5, dakika moja ya kupumzika, kisha 5 nyingine. Kosa la kawaida ni kujibwaga kitini: kushuka polepole ndiko kunakojenga paja. Akishindwa kuinuka, wekeni mto juu ya kiti ili kimo kipande. Kwa mikono, asukume ukuta mara 8. Ikiwa alifanyiwa upasuaji na tezi za kwapani zikaondolewa, aanze kidogo zaidi, na mkono ukianza kuvimba au kuwa mzito aache hapo na kumwona mtaalamu wa fiziotherapia.

Kwa joto la Dar la Januari hadi Machi, atoke kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya saa 11 jioni, na maji awe nayo.

Ni juisi gani inaongeza damu haraka nipate nguvu za mazoezi? (wasomaji watano, wiki hii peke yake)

Hakuna. Kemo inapunguza damu kwa kubana uboho wa mifupa, kiwanda chenyewe, na juisi ya bitiruti au rozela haifungui kiwanda. Inywe kama unaipenda. Angalia karatasi ya vipimo palipoandikwa Hb, yaani kiwango cha damu: ikiwa chini ya gramu 8 kwa desilita, acha mazoezi mpaka daktari aamue kama utaongezewa damu. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, nazo zikishuka chini ya 50,000, usinyanyue vizito wala kufanya zoezi lenye hatari ya kuanguka.

Na wale mnaouziwa mizizi ya "kusafisha sumu ya kemo" mitaani: ini lenu linahangaika na dawa tayari. Msilibebeshe kitu ambacho hata muuzaji hajui kimo nini. Kama mmeshakunywa, mwambieni daktari, hata akigomba.

Naweza kurudi kwenye jogging ya Jumamosi? Dripu ya mwisho ilikuwa wiki mbili zilizopita. (Sinza)

Bado. Ukiweza kutembea dakika 30 bila kushinda umelala kesho yake, uliza tena.

Nina ganzi kwenye nyayo tangu paclitaxel. Kutembea pekupeku mchangani si kutaamsha mishipa? (Kigamboni)

Asante kwa kutaja dawa. Usitembee pekupeku popote. Mguu wenye ganzi hausikii kipande cha chupa, mwiba wala mchanga uliochomwa na jua la saa saba, na kidonda kidogo wakati kinga iko chini si kidogo tena. Mchanga laini pia unayumbisha kifundo. Ndala ziache, kwa kuwa zinachomoka bila wewe kujua. Vaa raba iliyofungwa na soksi, tembea kwenye njia ngumu, na kila jioni kagua nyayo na katikati ya vidole.

Fanyia kazi msawazo: simama ukishika sinki la jikoni, inua visigino mara 8, kisha simama mguu mmoja kwa sekunde 10 bila kuachia mkono. Macho wazi, taa imewashwa. Ganzi ikipanda, au ukishindwa kufunga vifungo vya shati, daktari ajue kabla ya dripu inayofuata. Huenda akapunguza dozi.

Nilale mchana? (Mbagala)

Ndiyo, dakika 20 hadi 30, kabla ya saa 9 alasiri. Weka kengele ya simu.

Siku nikijisikia vizuri nafua, napika, naenda sokoni. Halafu siku mbili sinyanyuki. Mazoezi yananiumiza? (Kimara)

Ulichofanya ni kula posho ya wiki kwa siku moja. Chukua daftari, kila jioni andika uchovu kwa namba, 0 hadi 10, na ulichofanya. Namba ya kesho ikipanda kwa 2 au zaidi, punguza kazi kwa nusu. Usiishushe hadi sifuri. Fua nguo tano ukiwa umekaa, nyingine kesho. Siku ya kliniki, safari ya mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni na foleni ya hospitali ya saratani ya Ocean Road ni zoezi tosha. Siku hiyo usiongeze kitu. Siku 2 au 3 za kwanza baada ya dripu rudi kwenye dakika 5 za kutembea. Ukiwa umetapika au kuharisha ndani ya saa 24, pumzika kabisa.

Ni siku ya kumi tangu dripu, joto linapanda jioni. Nimeanza dawa ya malaria. Niendelee kutembea? (Temeke)

Acha kusoma, nenda hospitali. Chembe nyeupe hushuka sana kati ya siku ya 7 na ya 14, na homa ya nyuzi 38 wakati huo ni dharura, hata kipimo cha malaria kikisema unayo. Usimeze panadoli ukasubiri kukuche. Ukifika mapokezi, kabla ya jina lako sema "niko kwenye kemo".

Nikipanda ngazi ghorofa ya pili moyo unadunda, jioni miguu yote inavimba. Dawa ilikuwa nyekundu. (Upanga)

Nyekundu huenda ni doxorubicin, ambayo kwa baadhi ya watu hudhoofisha moyo, wakati mwingine miaka baada ya matibabu. Simamisha mazoezi, umwone daktari wiki hii na uombe moyo upigwe picha ya mawimbi ya sauti. Ukikosa pumzi ukiwa umelala, au mguu mmoja tu ukivimba na kuuma, nenda usiku huo huo.