Maswali na Majibu: Ruta ya Nyumbani kwa Mtumiaji wa Linux

Nimenunua ruta mpya, lakini karatasi ya maelekezo inataja Windows na simu tu. Kompyuta yangu ina Ubuntu, aina mojawapo ya Linux. Je, niazime nyingine?

Usiazime. Ruta haichagui kompyuta, kwa sababu ukurasa wa kuisimamia umo ndani yake yenyewe na hufunguka kwa kivinjari chochote. Zipo chache zinazosimamiwa kwa programu ya simu pekee, na hizo simshauri mtu anunue. Chomeka kebo kwenye tundu mojawapo la LAN (la vifaa vya nyumbani), si lile la WAN (linalopokea intaneti kutoka nje), kisha ufungue terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, na uandike `ip route`. Mstari unaoanza na neno `default` utakuonyesha anwani ya ruta, kwa mfano `default via 192.168.0.1`, nayo ndiyo utakayoiandika kwenye kivinjari. Usikisie 192.168.1.1 eti kwa kuwa ndiyo ya jirani, maana watengenezaji hawatumii anwani moja. Nasisitiza kebo kwa sababu anayebadilisha jina au nenosiri la Wi-Fi huku ameunganishwa kwa Wi-Fi hiyo hiyo hukatiwa mawasiliano kazi ikiwa bado katikati.

Nenosiri la Wi-Fi ninalo, lakini ukurasa wa ruta unalikataa. Tatizo ni Linux?

Sivyo. Hayo ni manenosiri mawili: moja huwaingiza watu kwenye mtandao, jingine humpa mtu mamlaka juu ya ruta yenyewe. Swali hili limekwisha kujibiwa hapa mara nyingi, kwa hiyo nawaomba wasomaji waigeuze ruta na kusoma kibandiko kilicho chini yake kabla ya kuniandikia.

Linux haisumbuliwi na virusi. Kuna haja gani ya kubadilisha nenosiri la kiwandani?

Haja ni kubwa kuliko unavyodhani, na ningependa kila mwenye ruta alisome jibu hili. Ruta ni kompyuta ndogo, na nyingi za nyumbani huendeshwa na Linux hiyo hiyo unayoitegemea. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai ilienea katika kamera na ruta za Linux, tena bila ufundi wa ajabu: ilijaribu tu orodha ya majina na manenosiri ya kiwandani yapatayo 60, likiwemo lile la `admin` kwa `admin`. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa vilivyotekwa kwa njia hiyo vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn nchini Marekani, iliyozihudumia tovuti nyingi kwa DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba), na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa watu wengi kwa saa kadhaa. Wenye vifaa hivyo wengi hawakuwa na habari. Zaidi ya hapo, mtu aliyeingia kwenye ruta yako anaweza kubadilisha seva za DNS, ukaandika anwani ya benki yako ukapelekwa kwenye ukurasa bandia, ilhali kompyuta yenyewe ni safi kabisa. Kwa hiyo badilisha nenosiri la msimamizi kabla ya jambo jingine lolote, zima usimamizi wa ruta kutoka nje, na usasishe programu yake ya ndani. Mafundi wanaofunga intaneti majumbani na kuondoka bila kumwambia mwenye nyumba mambo haya hawajamaliza kazi waliyolipwa.

Kitufe cha WPS, kinachounganisha kifaa kwenye Wi-Fi bila kuandika nenosiri, nikitumie?

Kizime. Udhaifu wa namba yake ya siri ya tarakimu 8 umejulikana tangu Desemba 2011.

Kampuni ya intaneti iliweka ruta yake sebuleni. Nimeunganisha yangu chumbani. Wi-Fi inashika lakini intaneti hakuna.

Yaelekea ruta zote mbili zinatumia 192.168.1.1, na yako haiwezi kujua ipeleke data upande upi. Kama unataka chumba kiwe na mtandao wake, badilisha anwani ya LAN ya ruta yako iwe, tuseme, 192.168.50.1. Kama unataka Wi-Fi ifike mbali tu, ipe anwani isiyotumika katika mtandao wa sebuleni, zima DHCP yake (huduma inayogawa anwani kwa vifaa), kisha uhamishe kebo inayotoka sebuleni kutoka WAN kwenda LAN. Njia hii ya pili ndiyo ninayoipendelea, kwa sababu printa ya sebuleni na kompyuta ya chumbani zitaendelea kuonana. Baada ya mabadiliko, andika `nmcli networking off`, halafu `nmcli networking on`, ili kompyuta iachane na anwani ya zamani.

Nilisahau nenosiri la ruta, nikabonyeza kitufe cha kuirudisha katika hali ya kiwandani. Sasa intaneti imepotea kabisa.

Yaelekea umefuta pia jina na nenosiri la PPPoE ambavyo ruta hutumia kujitambulisha kwa kampuni. Piga simu kwa kampuni uviombe upya, uvijaze katika ukurasa wa WAN, kisha upakue nakala ya mipangilio yote na kuihifadhi kwenye kompyuta siku hiyo hiyo.