Kigogo chako kiandike kwenye CV

Juzi usiku mdogo wangu mmoja wa mwaka wa tatu chuo kanitumia meseji, anaomba kibarua cha kukusanya data vijijini, anauliza: "Dada, sehemu ya lugha niweke Kigogo au nitaonekana mshamba?" Nikaiangalia muda mrefu sijajibu, maana hilo swali mimi lilinitesa miaka mitatu.

Mi ni Mgogo wa Mvumi. Mwaka wa kwanza hosteli nikapokea simu ya bibi nikaanza na mbukwa, salamu yetu ya Kigogo, kama kawaida, mwenzangu wa chumba akacheka afu akaniuliza mbele ya watu kama kikombe cha kuombea nimekuja nacho. Mnajua Mgogo alivyopakwa jina la ombaomba nchi hii. Toka siku hiyo simu za nyumbani napokelea nje kwenye kamba za nguo, nikiulizwa kabila nasema tu natokea Dodoma. Mpaka leo inaniuma.

Nilivyomaliza nikapata kazi ya madodoso ya chakula Bahi, mwaka ambao mvua zilikata mapema. Tuko kwa bibi mmoja, mwenzangu anasoma maswali kwa Kiswahili kizuri kabisa, chakula kitafika mavuno? Ndiyo. Watoto wanakula mara tatu? Ndiyo. Kila kitu ndiyo, yeye anabonyeza tu tableti. Nikamwamkia bibi upya kwa Kigogo, nikauliza taratibu. Akanyanyuka, akanishika mkono mpaka kwenye kihenge, akafunua: mtama umebaki chini kabisa, hata debe halifiki, na pale kuna watoto watano. Tukafuta majibu yote tukaanza moja. Bila hivyo yule bibi angefika ofisini kwenye ripoti ameshiba!

Basi Kigogo nikakiweka kwenye CV, na mwezi uliopita kwenye intavyuu ya mradi wa afya wakaniambia nieleze kwa Kigogo mtoto anayeharisha anapewaje maji ya chumvi na sukari. Nikaeleza. Nimepata mkataba wa miaka miwili, na najivunia sana.

Wanachuo wenzangu, Kiingereza someni, ripoti zinakitaka, na Kiswahili ndo kinatuunganisha. Ila nchi hii ina lugha zaidi ya 120, hapa kati tu kuna Wagogo, Warangi wa Kondoa, Wanyaturu, Wasandawe wa Chemba na lugha yao ya vidoko, zile sauti za kugonga ulimi, ambayo mgeni hajifunzi kwa wiki mbili, afu wewe uliyezaliwa nayo unaificha? Acheni. Iandike, sema ukweli kama unaongea vizuri au unaelewa tu, na kama imeanza kukupotea piga simu nyumbani uongee na bibi, kila wiki, ongea hata ukikosea.

Mdogo wangu, ile CV nitumie leo kabla hujaipeleka, nataka nione hiyo sehemu ya lugha.