Re: Tuko 13, gari mbili, masaa manne tu hifadhini, tufanyeje?

Nimekupata ndugu, mko 13, bibi ana magoti mabovu, mdogo kabisa ana miaka 2, na listi yako ina vituo sita. Hiyo listi futa. Chagueni viwili tu, maana kundi kama hilo kushuka, kutafuta viatu, kwenda choo na kurudi garini ni nusu saa imeshakata.

Ishu kubwa kwenu ni gari mbili. Sisi tulimuacha mpwa wangu chooni, gari ya mbele ilijua yuko ya nyuma na ya nyuma ikajua yuko ya mbele, tukamkuta kakaa kwenye ngazi anakula biskuti hana habari kabisa. Toka siku hiyo kila mtoto ana mtu mzima wake kwa jina, na hakuna kuwasha gari kabla ya kuhesabu vichwa.

Ramani shusha kwenye simu mapema, ndani netiweki huwa inakata. Tanki jaza kabla ya geti. Kiingilio angalia kama wanatoza kwa gari au kwa kichwa, kwa idadi yenu tofauti ni kubwa.

Wanyama msiwasogelee kwa ajili ya picha jamani, hifadhi ya Yellowstone kule Marekani kwa mfano wanataka mkae umbali wa angalau mita 91 kwa dubu na mbwa mwitu, na mita 23 kwa nyati.

Bibi kama ana presha au moyo na hifadhi iko juu milimani, ongeeni na daktari wake kabla ya kutoka.