Mwonekano wa ubavuni: kwa nini vipimo vinagoma

"Shikamoo mwalimu. Kwenye mchoro wa kiufundi, mwonekano wa mbele na wa juu natoa vizuri, nikifika ubavuni vipimo vinagoma. Nafuta mpaka karatasi inatoboka."

Marahaba. Ubavuni hakuna tatizo. Tatizo lilianza ulipomaliza mwonekano wa mbele, ukaukoleza ukapendeza, ndipo ukaanza kuufikiria wa pili. Kila mara ulishika rula upya, na kila kipimo kipya kikaja na nusu milimita yake ya makosa. Mionekano mitatu huchorwa kwa pamoja, kipimo kimoja kikapimwa mara moja tu, kisha mistari ikakisafirisha.

Tuchukue kona ya chuma yenye umbo la L: urefu 80, kina 50, kimo 60, vyote milimita. Unene ni 12 kote. Ukuta, yaani bamba lililosimama, uko upande wa kushoto; kitako ni bamba lililolala. Kwenye kitako kuna tundu la kipenyo 16 linalopenya mpaka chini, kitovu chake kikiwa 30 kutoka mwisho wa kulia na 18 kutoka ukingo wa mbele. Tunatumia pembe ya kwanza, mmoja wa mipangilio miwili ya kupanga mionekano, kwa hiyo mwonekano wa juu unakaa chini ya ule wa mbele, na unaotazamwa kutoka kushoto unakaa kulia. Wengi hapo hukunja uso. Fikiria kitu kipo kati yako na ukuta wa chumba: unachokiona kinasukumwa mbele, kinaangukia upande wa pili.

Penseli ngumu ya 2H, mkono mwepesi, mstari uonekane kwa shida. Chora boksi la mbele, 80 kwa 60. Shusha pande zake kwa setiskwea, acha nafasi ya 40, funga boksi la mwonekano wa juu lenye kina cha 50. Vuta mistari ya kimo kwenda kulia, acha 40 nyingine, simamisha mstari wa ukingo wa nyuma wa ubavu. Pale mstari huo, ukishushwa, unapokutana na ukingo wa nyuma wa boksi la mwonekano wa juu (ule ulio karibu na boksi la mbele) ukivutwa kulia, anzia hapo mstari wa nyuzi 45 kwenda chini kulia. Huo ndio utakaokuokoa. Kina chochote kutoka mwonekano wa juu kinakwenda kulia mpaka kiuguse, kisha kinapanda ubavuni. Rula haihusiki tena.

Tundu lianze mahali linapoonekana duara, yaani mwonekano wa juu. Bikari iwe 8. Pandisha kingo zake mbele: zitaangukia 22 na 38 kutoka kulia. Zipitishe kwenye nyuzi 45: ubavuni zitakaa 10 na 26 kutoka ukingo wa mbele, ambao hapo ndio wa kulia. Ukipata namba nyingine, mstari wako wa 45 umeanzia pabaya. Usihangaike kufuta ubavu.

Sasa tazama kutoka kushoto. Kitako chote kimejificha nyuma ya ukuta. Mstari wa kimo cha 12 ni wa vipandevipande, kama milimita 3 kila kipande na mwanya wa 1, na tundu vilevile. Wanafunzi huukoleza kwa sababu wanajua kitako kipo. Kujua kwako hakuhusiani na jicho linaloona ukuta mtupu. Kama swali halikukulazimisha, tazama kutoka kulia uupange kushoto: mstari wa 12 unakuwa mzima, linabaki tundu tu kwa vipande.

Alama ya koni iliyokatwa, yenye maduara mawili kando yake, msiisahau; ndiyo inayotaja pembe iliyotumika. Ncha nyembamba ikiyapa mgongo maduara, ni pembe ya kwanza. Ikiyaelekea, ni ya tatu, wanayoizoea Marekani. Bila alama, fundi aliyezoea ya tatu atasoma mchoro wetu wa chini kama kitu kilichotazamwa kutoka chini. Tundu litahamia 18 kutoka nyuma, na chuma kitatoka kama sura ya kioo. Fundi makini angeshtuka, maana kutoka chini mstari wa ukuta ungekuwa wa vipande. Lakini usichore kwa kutegemea umakini wa mtu mwingine.

Kukoleza ni mwisho kabisa: duara kwanza, ndipo mistari iliyonyooka, kwani ni rahisi kuunganisha mstari na duara kuliko duara na mstari. Inayoonekana 0.5, ya vipande na ya vitovu 0.25. Inayoonekana ikilaliana na ya vipande, inayoonekana inashinda.

Vipimo viandikwe nje ya umbo, mstari wa kwanza 10 kutoka ukingo, unaofuata 7 zaidi. Kipenyo 16, pamoja na 30 na 18 za kitovu, viweke mwonekano wa juu, palipo na duara. Kamwe usivitundike kwenye mistari ya vipande.