Laki tisa mkononi: laptopu ya chuo inayobeba na gemu

Oktoba 2024, wiki mbili kabla chuo hakijafunguliwa, dada yangu alinitumia shilingi laki tisa kwa simu, nimtafutie mwanawe laptopu ya kusomea. Jioni hiyo hiyo mpwa wangu naye akapiga.

"Shikamoo mjomba. Mama amekwambia ya kusomea, na ni kweli. Ila naomba iwe inabeba na GTA."

"Marahaba. GTA ipi?"

Hilo ndilo swali ninaloanza nalo kila mtu anaponiomba nimsindikize Kariakoo kununua kompyuta. Mtu akisema "gemu" bado hajasema kitu. PES 2017 na GTA San Andreas zinakimbia hata kwenye mashine ya ofisini ya miaka iliyopita. GTA V, iliyotoka upande wa kompyuta mwaka 2015, inataka nguvu kiasi. Gemu kubwa zilizotoka miaka hii ya karibuni ni habari nyingine, na kwa laki tisa usiende kuzitafuta. Nilimwambia aniandikie orodha ya zile anazocheza kweli, siyo anazoziona YouTube. Akaleta tatu: PES 2021, GTA V na Minecraft. Mchana ni Excel na PDF za uhasibu. Kwa orodha hiyo hahitaji kile kinachouzwa kwa jina la laptopu ya gemu.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo, maana niliwahi kukinunua. Mwaka 2019 nilitoa milioni moja na laki moja kwa laptopu iliyotumika, nene, kibodi inawaka taa nyekundu, ndani ina kadi yake ya grafiki, yaani kifaa cha kuchora picha za gemu. Dukani waliiwasha kwa dakika tano, nikaridhika. Nyumbani ikaonyesha tabia nyingine: nacheza ikiwa imechomekwa kwenye umeme, na bado asilimia za betri zinashuka. Ilinichukua siku kadhaa kugeuza chaja na kusoma maandishi madogo ya mgongoni. Ilikuwa ya wati 65. Mashine ilitaka 135. Nikanunua chaja sahihi, halafu ikaanza kuzima ghafla kila baada ya nusu saa. Fundi alipoifungua, mlango wa feni ulikuwa umezibwa na vumbi lililoshikana kama sufi, na pesti ya kupozea prosesa imekauka mpaka inakwanguka kwa ukucha. Bawaba za kioo zilifuata baadaye. Mashine ya gemu iliyotumika mara nyingi imeshachemshwa miaka mitatu minne na mtu mwingine kabla haijakufikia. Kama hujui kuikagua, unalipia uchovu wake.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye laki sita hadi milioni ni huu: nunua laptopu ya ofisini, kizazi sahihi, inayofunguka na kuongezwa RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi. Mashine za aina hiyo kampuni za Ulaya huzitumia miaka michache kisha huziuza kwa jumla, na ndizo zimejaa madukani kwetu. Zilitengenezwa zifunguliwe na mafundi, kwa hiyo spea zinapatikana.

Kizazi sahihi maana yake nini? Soma namba inayofuata baada ya i5, jina la prosesa ya Intel. i5-7200U ni kizazi cha saba, ina viini viwili, yaani sehemu mbili za kufanya kazi. i5-8250U ni kizazi cha nane, ina viini vinne. Kibandiko pale karibu na kibodi kinasema i5 kwenye zote mbili, na muuzaji atakwambia "zote i5 hizi kaka", lakini kazi zake hazilingani hata kidogo. Tena Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia rasmi kizazi cha nane, ukiacha prosesa chache sana, na Windows 10 ilisitishiwa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu ya kizazi cha sita au cha saba utaipata kwa bei ya kuvutia. Bei hiyo ina sababu yake.

Na ile mpya kabisa ya bei ya chini, yenye prosesa dhaifu ya Celeron, RAM ya GB 4 iliyochomelewa kwenye ubao na hifadhi ya GB 64? Ina boksi na harufu ya upya. Lakini GB 64 ndicho kiwango cha chini ambacho Microsoft wenyewe wamekiweka kwa Windows 11. Mwanafunzi akishaweka Office na picha zake, hiyo imejaa, na hakuna pa kuongezea. Gemu usizitaje.

Jumamosi tukaingia Kariakoo saa tatu asubuhi, kabla jua halijawa kali na kabla wauzaji hawajachoka kuulizwa. Nilikuwa na majina matatu kichwani: Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 5490. Nyingi zake ni za kizazi cha nane, na zote zina nafasi mbili za RAM. Angalia herufi, maana kuna T480 na kuna T480s: ile yenye s ni nyembamba zaidi, lakini RAM yake moja imechomelewa kwenye ubao na imebaki nafasi moja tu. Kwenye X1 Carbon yote imechomelewa. Wembamba unapendeza mkononi, ila kwa mwenye hela ya mawazo, nafasi ya kuongezea ina thamani kuliko wembamba.

Duka la nne tukapata T480, i5, RAM GB 8, hifadhi ya SSD ya GB 256, laki sita na sabini baada ya kuvutana. Kabla ya kutoa hela nilifanya mambo yafuatayo, na muuzaji alisubiri bila kinyongo. Muuzaji asiyetaka ukague, ondoka tu.

Niliizima nikaiwasha tena na kuingia kwenye BIOS, ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla Windows haijawaka. Kwa ThinkPad ni F1, kwa HP ni F10, kwa Dell ni F2. Ikidai neno la siri ambalo muuzaji hana, mashine hiyo bado ina kufuli la mwenyewe wa kwanza, iache. Kisha nikaandika powercfg /batteryreport kwenye lile dirisha jeusi la amri. Inatoa ukurasa unaoonyesha betri ilitoka kiwandani na uwezo gani na leo imebaki na uwezo gani. T480 ina betri mbili, ya ndani na ya nje; ya ndani ilikuwa imeshuka kutoka Wh 24 (Wh ni kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi) hadi 19, ya nje ilibaki na 13. Hapo hapo bei ikapungua elfu ishirini, na ya nje inachomolewa kwa vidole viwili siku akitaka kununua nyingine. Afya ya SSD niliipima kwa CrystalDiskInfo niliyobeba kwenye flashi. Nikafungua ukurasa mweupe mtupu kutafuta madoa kwenye kioo, nikabonyeza kila herufi, nikaunganisha intaneti ya simu, nikacheza video dakika kumi huku mkono uko pembeni kwenye tundu la hewa. Na kioo kiwe cha nukta 1920 kwa 1080. Bado kuna vya 1366 kwa 768 vinauzwa, na ukiketi na Excel kutwa nzima macho yatakulaumu.

Halafu nikafungua Task Manager, upande wa Performance, ukurasa wa Memory. Pale chini panaandika nafasi za RAM zilizotumika. Ilikuwa 1 kati ya 2.

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie, kwa sababu ndipo hela ndogo inapofanya kazi kubwa. Laptopu ya ofisini haina kadi ya grafiki ya peke yake. Ile iliyo ndani ya prosesa, kwenye kizazi hiki inaitwa UHD 620, inaazima RAM ya mashine. RAM ikiwa moja, data inapita njia moja. Zikiwa mbili, zinapita njia mbili kwa wakati mmoja. Kwa Word hutaona tofauti. Kwa gemu utaiona. Nyumbani nilitaka mpwa wangu aione kwa macho yake, nikamwekea GTA V kwa 720p, mipangilio yote chini. Kwa RAM moja, alipokuwa anaendesha gari katikati ya mji, namba ilicheza kwenye fremu, yaani picha, 26 hadi 30 kwa sekunde, na kila akikata kona picha inavutika. Nikaizima, nikafungua mfuniko wa chini, nikaichomeka GB 8 ya pili tuliyonunua kwa elfu sitini, aina ile ile ya DDR4. Barabara ile ile, gari lile lile: 38 hadi 44. Hakusema kitu, alizunguka tu mtaa ule ule mara tatu. PES 2021 yenyewe ikawa laini kabisa.

Jambo hili linawahusu hata wenye mashine mpya zaidi. i5-1135G7 inasifiwa kwa grafiki za Iris Xe, lakini ikiwa na RAM moja tu, Windows yenyewe itakuandikia UHD badala ya Iris Xe, na nguvu imepungua kweli. Ukiona hivyo dukani, usiseme umetapeliwa. Uliza bei ya RAM ya pili.

Ukibahatika kukuta yenye prosesa ya AMD Ryzen 5 3500U kwa bei inayokaribiana, kwa upande wa gemu ichukue. Grafiki ya Vega 8 iliyo ndani yake inaiacha UHD 620 mbali. Na bajeti ikivuka milioni moja na nusu, hapo ndipo nitakuunga mkono utafute yenye kadi ya grafiki ya GTX 1650 ya GB 4 au RTX 3050, mradi uikague joto kwa nusu saa ya gemu, usome wati za chaja, na ukumbuke kwamba umeme ukikatika mashine hizo hushusha nguvu na betri haifiki mbali.

SSD ya GB 256 ni ndogo kwa mchezaji, nakubali. Windows inaionyesha kama GB 238, na GTA V peke yake inakula zaidi ya 100. Tulitenga laki moja ya kuibadilisha baadaye, iliyobaki ikanunua begi na kipanya.

La mwisho tulilofanya dukani ni risiti. Niliomba waandike namba ya utambulisho ya mashine na muda wa dhamana. Wakaandika wiki moja, nikaomba mwezi, wakakubali, na RAM ya pili ikapewa mstari wake pia. Siku ya kumi na moja ile RAM ya pili ikaanza kuizimisha mashine katikati ya gemu. Mpwa wangu alirudi peke yake na karatasi ile, akabadilishiwa papo hapo.