Kelele za mtaa na hipnosia: maswali yenu wiki hii

Wiki iliyopita niligusia hipnosia, ile hali mtu anatulia, akili inazama kwenye kitu kimoja na anayapokea maneno anayoambiwa kirahisi kuliko siku zote. Basi meseji zimemiminika na karibu wote mnalia na kitu kimoja, kelele. Nimechagua chache.

Nimemaliza kozi ya hipnosia, nimepanga kachumba cha kupokelea wateja juu ya fundi wa kuchomelea na pembeni kuna baa. Niendelee au nihame?

Usihame kwanza ndugu yangu, utalipa kodi mpya na kelele utazikuta huko huko. Mi nilianzia chumba cha ghorofa ya kwanza Kariakoo, na mmoja wa wateja wangu wa mwanzo alikuwa mdada anayeogopa usaili. Nimemfikisha vizuri, pumzi imeshuka, kope zinachezacheza, mara muuza kahawa huyo chini ya dirisha, kle kle kle vikombe. Nikakunja sura nikanyamaza nikisubiri apite, na hapiti, kapata wateja pale pale. Mdada akafungua jicho moja akaniangalia. Nilipomuuliza akasema vikombe alikuwa anavisikia tu kwa mbali, kilichomshtua ni mimi kukata maneno ghafla. Tukaanza upya, safari hii nikamwambia kila vikombe vikilia unashuka ngazi moja, wala usihesabu, muuza kahawa anakuhesabia. Alizama kuliko mwanzo, yani yule mzee alipoondoka nilitamani nimwite arudi.

Kwa hiyo ukiwa kati kati na kelele imeanza unasema nini hasa?

Itaje kabla haijamkera, maana na yeye anaisikia na anajiuliza kama wewe unaisikia. Ila usimwambie "usisikilize hizo kelele", hapo umemshika masikio ukamwelekeza huko huko. Mi nasema hivi: "Utasikia bodaboda, utasikia watu wanaongea, acha vipite huko nje, na kila kinachopita kinakuacha umetulia zaidi." Fundi akiwasha grinda namwambia grinda inakata ule uzito wa mabegani, na najua inachekesha ila inafanya kazi. Afu usipandishe sauti kushindana na spika za baa maana hutoziweza, sogeza kiti karibu na sikio lake, maneno yaende na pumzi anayotoa.

Na kelele hazifanani. Feni, jenereta, mvua kwenye bati, hizo baada ya muda masikio yanazizoea na zinakusaidia kuziba zingine. Zinazosumbua ni zenye maneno, wimbo anaoujua atauimba kichwani, jina lake likiitwa nje ameshatoka, umbea wa majirani ndo usiseme. Hapo hata mimi nasimama, nafunga dirisha, na namwambia kwamba naenda kufunga dirisha.

Mwalimu wetu alisema lazima pawe kimya na mtu awe amelegea kabisa. Kweli?

Kimya kinasaidia, hasa kwa anayeanza, ila lazima hapana. Mwaka 1976 watafiti Éva Bányai na Ernest Hilgard waliwapandisha watu kwenye baiskeli ya mazoezi, macho wazi, wanapiga pedali huku wanaambiwa wanazidi kuwa macho na kuchangamka, na waliitikia maelekezo karibu sawa na wale waliolegezwa kwa njia ya kawaida. Hata James Braid, daktari Mskoti wa Manchester aliyelieneza jina la hipnosia miaka ya 1840, alianza kwa kumkazia mtu macho kwenye kitu kinachong'aa, na mwishoni akaona siri ni akili kushikwa na wazo moja. Sasa wewe ukimpa mtu wazo la kushika, singeli ya jirani itamfanya nini?

Mama yangu ana kidonda na kila wakimsafisha anatetemeka, wodi ina watu wengi na vyombo vinalia. Inawezekana hapo?

Pole kwa mama. Inawezekana, na wodi wala siyo sehemu ya ajabu. Kule Liège, Ubelgiji, tangu mwaka 1992 wanawafanyia watu upasuaji, hata wa tezi ya shingo, kwa hipnosia pamoja na ganzi ya sehemu na dawa kidogo ya kutuliza, na chumba cha upasuaji unajua kilivyo, mashine zinalia pii pii na madaktari wanaongea. Marekani Elvira Lang na wenzake walitoa utafiti mwaka 2000 wa wagonjwa 241, waliosaidiwa kwa hipnosia walitumia dawa kidogo zaidi na shughuli ikaisha mapema. Ongea na muuguzi kwanza, dawa za maumivu apewe kama kawaida, halafu akiwa anasafishwa mwambie mama akusimulie anavyopika kitu anachokipenda, kitunguu kinavyonukia, mkono unavyokoroga. Ila kama amewahi kuchanganyikiwa au kuona vitu visivyopo, usijaribu bila daktari wake.

Stendi watu wawili walinisemesha, nikajikuta nimewapa simu na hela. Walinihipnotaizi?

Kaka, mi nadhani ulitapeliwa tu. Mmoja anauliza njia, mwingine anaokota bahasha, huyu anakuharakisha, kelele kila upande, kichwa kinajaa unafuata unachoambiwa. Wanatumia mshangao, na hipnosia nayo inajua kutumia mshangao, kufanana kwao kunaishia hapo. Ripoti polisi, na funga laini.

Vipi kumfanyia mtu akiwa anaendesha gari kwenye foleni?

Hapana. Hata kama foleni haisogei.

Na simu, si inatosha kuiweka vibreshen?

Zima kabisa, yako na yake. Bodaboda nitaigeuza kuwa upepo, lakini simu ikitetemeka juu ya meza ya mbao kila mtu anawaza ni nani, na mi mwenyewe nimo.